Kisahani Kinachosikia Kila Kitu: Kuhami na Kutuliza Piezo kwenye Gitaa Ulilojitengenezea

Umemaliza gitaa lako. Kasha ni la mbao nyembamba, au galoni ya mafuta iliyokwisha kazi. Shingo ni ubao uliourandia mwenyewe, na nyuzi ni nailoni ya kuvulia samaki au waya wa breki ya baiskeli uliochambuliwa. Ukilipiga barazani linaimba vizuri. Kisha unabandika kisahani cha piezo ndani ya kasha, unachomeka waya kwenye amplifaya, na spika inatoa kitu kingine kabisa: mvumo usiokoma, kishindo kila kiganja kinapogusa ubao, na nyuzi zinazolia kama bati linalokwaruzwa.

Wengi wakifika hapo huking'oa kisahani na kukitupa. Usikitupe. Kisahani hakijaharibika, kinasikia kila kitu tu: uzi, kucha, waya unaogonga kasha na umeme unaopita ukutani. Kazi iliyobaki ni yako, nayo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kukihami, yaani kukikinga na umeme wa jirani. Ya pili ni kukituliza, yaani kukipunguzia ukali wa mtetemo. Mafundi wengi wachanga huzichanganya. Hubandika mpira ili waondoe mvumo, au hufunga foili ili walainishe sauti, na hakuna kinachobadilika. Kila ugonjwa una dawa yake, na mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuitambua.

KINACHOTOKEA NDANI YA KISAHANI

Kiweke kisahani kwenye kiganja ukitazame. Kuna mduara wa shaba ya njano, na juu yake mduara mdogo mweupe wa kauri uliopakwa utando mwembamba wa fedha. Kauri hiyo ikipindwa hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, hutoa umeme. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waliionyesha tabia hii katika fuwele. Baadaye ikathibitishwa kwamba mambo huenda pia kinyume chake: fuwele ikipewa umeme, hujikunja yenyewe.

Tabia hiyo ya pili ndiyo iliyovijaza visahani madukani. Vimetengenezwa ili vilie, ndiyo maana unavikuta kwenye saa za kengele, kadi za muziki na midoli. Sisi tunavigeuza na kuvifanya masikio. Lakini hata kikiwa sikio, kisahani hakisahau kazi yake ya asili, kwani kina masafa yake ya kulia. Cha kipenyo cha milimita 27 hulia karibu na Hz 4,000, na cha milimita 35 hulia chini kidogo ya Hz 3,000. Sikio la binadamu nalo lina wepesi mkubwa zaidi kati ya Hz 2,000 na 5,000. Kwa hiyo kisahani kisichotulizwa hupaza sauti palepale sikio linapochomwa kwa urahisi. Ule ukali unaoudhi unaanzia hapo.

Pamoja na hayo, kwa magitaa yetu ya kujitengenezea kisahani hiki ni zawadi. Pikapu ya sumaku hutaka chuma kinachotetemeka juu yake. Kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, lililoanzishwa na Mingiedi Mawangu na kujulikana duniani kwa albamu ya Congotronics ya mwaka 2004, lilipaza likembe zake, yaani ala za vijiti vinavyopigwa kwa vidole gumba, kwa pikapu za kujitengenezea zilizotumia sumaku za vipuri vya magari. Hilo liliwezekana kwa sababu vijiti vya likembe zao vilikuwa vya chuma. Uzi wa nailoni ukipita juu ya sumaku, sumaku haioni kitu. Piezo haijali uzi ni wa nini. Inasikiliza ubao. Ndiyo maana inafaa kwa gitaa la nailoni, kwa zeze lenye kibuyu, hata kwa nyatiti.

JARIBIO LA UKUCHA: KWANZA TAMBUA UGONJWA

Kabla hujagusa gundi wala foili, chomeka gitaa, weka sauti ya amplifaya wastani, kisha fanya mambo matatu.

Kwanza, nyamaza kabisa. Usiguse nyuzi. Ukisikia mvumo mzito wa sauti moja, huo ni umeme wa nyumbani, ambao kwetu Afrika Mashariki huenda kwa Hz 50. Gusa kwa kidole chuma cha nje cha tundu la jeki. Mvumo ukipungua au ukibadilika, gitaa linahitaji kuhamiwa.

Pili, gonga kasha kwa ukucha mara moja. Sikiliza namna mlio unavyokufa. Ukisikia "tok" fupi yenye mwili, uko salama. Ukisikia "chak" kali yenye mkia unaolialia, gitaa linahitaji kutulizwa.

Tatu, piga uzi mnene kuliko zote. Ukisikika mwembamba, hauna tumbo, kama unatoka kwenye redio ndogo ya mfukoni, si kosa la kuhami wala la kutuliza. Tundu unalochomekea ndilo linalomeza besi. Nitalieleza mbele, maana huu ndio ugonjwa unaotibiwa vibaya kuliko yote.

Andika ulichosikia. Baada ya kila hatua utarudia jaribio hili, na kumbukumbu ya sikio husahau haraka.

VITU VYA KUANDAA

Tafuta visahani viwili au vitatu vya milimita 27, ikiwezekana vilivyokwisha kulehemiwa nyaya zake. Kwa kasha dogo au kibuyu chenye mgongo wa mviringo, milimita 20 hukaa vizuri zaidi. Nunua mita moja ya waya wa maiki wenye wavu wa shaba unaozunguka waya wa ndani. Usikimbilie waya wa antena ya televisheni. Wavu wake mara nyingi ni wa alumini, na alumini haishiki risasi ya kulehemu.

Ongeza tundu la jeki ya milimita 6.35, mita ya fundi umeme, msasa laini, tepu ya umeme, rangi ya kucha isiyo na vumbi la kung'aa, na foili ya jikoni au tepu ya shaba. Kwa ajili ya kutuliza, kusanya kipande cha tyubu ya baiskeli, kipande cha soli ya kandambili iliyochakaa, kipande cha ngozi, gundi ya mche inayoyeyushwa kwa umeme, gundi ya mbao, na tepu ya pande mbili.

Jambo moja la afya. Kauri ya visahani hivi kwa kawaida ina madini ya risasi ndani yake. Usiikate, usiisugue kwa msasa, na ikivunjika zoa vipande, tupa mbali na watoto na unawe mikono. Msasa ni kwa ukingo wa shaba peke yake.

KUHAMI, HATUA KWA HATUA

Kisahani kina pande mbili zenye tabia tofauti. Upande wa shaba utauunganisha na ethi, yaani chuma cha nje cha jeki. Upande wa kauri ndio wenye moto wa sauti, nao ukiachwa wazi hudaka umeme wa hewani kama antena. Habari njema ni kwamba shaba tayari inaulinda upande mmoja. Unachotakiwa kukifanya ni kuufunika ule mwingine.

1. Fupisha nyaya nyembamba zilizokuja na kisahani zibaki sentimita 2 hivi. Hizo hazina wavu, na kila sentimita yake ni antena. Unganisha waya wa ndani wa maiki kwenye waya wa kauri, na wavu kwenye waya wa shaba. Kama unalehemu moja kwa moja kwenye kisahani, kwangua ukingo wa shaba kwa msasa kwanza. Kwenye kauri, weka tone dogo la risasi na ondoa chuma cha kulehemu ndani ya sekunde 2 au 3. Ukichelewa, utando wa fedha huyeyukia ndani ya risasi na kisahani kimekwenda.

2. Pima kabla ya kufunika. Weka mita kwenye volti na ubonyeze kisahani taratibu kwa kidole. Tarakimu zinapaswa kuruka. Zisiporuka, tafuta kosa sasa, si baada ya kufunga kila kitu. Kama mita yako inapima kapasita, kisahani cha milimita 27 kitaonyesha karibu nF 20.

3. Paka rangi ya kucha juu ya kauri yote na juu ya tone la risasi. Acha ikauke kabisa, kisha paka mara ya pili. Juu ya tone la risasi ongeza kipande kidogo cha tepu ya umeme, kwa kuwa kile kilima hutoboa foili. Acha ukingo wa shaba, kama milimita 2 kuzunguka, bila rangi.

4. Kata foili ya mviringo inayozidi kisahani kwa milimita 4 kila upande. Ilaze juu ya kauri iliyopakwa rangi, kisha kunja kingo zake ziikumbatie shaba na kuigusa mahali palipo wazi. Sasa shaba chini na foili juu ni chumba kimoja kilichofungwa, na moto wa sauti uko ndani yake.

5. Pima tena, sasa mita ikiwa kwenye kipimo cha mlio. Kati ya foili na shaba mita ilie. Kati ya foili na waya wa ndani mita inyamaze. Ikilia hapo, foili imegusa kauri mahali fulani, na gitaa lako litakuwa bubu. Fungua, ongeza rangi, rudia.

6. Funika vyote kwa tepu moja nyembamba ili foili isilegee. Foili iliyolegea hukwaruza, na kisahani kitausikia mkwaruzo huo.

Kwa nini karatasi nyembamba namna hii inatosha? Kwa sababu kisahani hudaka umeme wa hewani, hakidaki usumaku kama koili ya pikapu ya kawaida. Umeme wa hewani husimamishwa na ukuta wowote wa metali uliofungwa kwenye ethi, hata uwe mwembamba kama foili ya kufungia nyama.

Nina tahadhari kwa walioko Tanga, Mombasa, Unguja na miji mingine inayopigwa na upepo wa chumvi. Alumini ikigusana na shaba penye unyevu wa chumvi, huliwa. Gitaa litakaa kimya kwa miezi, kisha mvumo utarudi polepole. Ukiweza, tumia tepu ya shaba na uilehemu kwenye ukingo wa kisahani kwa nukta moja. Usipoipata, ziba mgusano wa foili na shaba kwa rangi ya kucha baada ya kuhakikisha kwamba mita inalia.

Magitaa ya galoni yana faida na hatari yake. Ukifunga tundu la jeki kwenye bati la galoni, galoni nzima huwa ethi na kisahani kilichomo ndani hukaa kwenye ngome. Lakini bati hilo, na nyuzi za waya zinazoligusa, sasa zimeunganishwa na chuma cha amplifaya. Amplifaya yenye kosa, iliyochomekwa kwenye soketi isiyo na ethi ya kweli, inaweza kukurusha. Ipime kwanza, au mpe fundi umeme aipime. Kwa gitaa la mbao huhitaji kuunganisha nyuzi na ethi kabisa. Mazoea hayo ni ya pikapu za sumaku, na piezo iliyohamiwa vizuri haiyahitaji.

KUTULIZA, HATUA KWA HATUA

Hapa ndipo sauti ya gitaa inapopatikana. Shika kanuni moja: upande wa shaba ushikane na ubao, na upande wa kauri ndio ulaliwe na kitu laini. Ubao huleta wimbo, na kitu laini kilicho mgongoni kinameza kelele ya kisahani chenyewe. Ukiweka kitu laini katikati ya shaba na ubao, umeuzuia wimbo mlangoni. Wakati mwingine hilo ndilo unalolitaka, lakini ulifanye kwa kujua.

Anza na mahali. Chini kabisa ya daraja, pale nyuzi zinapokandamiza, sauti ni kubwa lakini ni kali. Tumia tepu ya pande mbili kubandika kisahani kwa muda sentimita 3 hadi 5 kutoka daraja, upande wa nyuzi nene, ndani ya kifuniko. Piga nyimbo mbili. Hamisha sentimita 2, piga tena. Usiione saa hii moja kuwa hasara. Mahali pazuri hupunguza nusu ya kazi ya mpira na gundi. Epuka kukibandika kwenye ubao wa shingo unaopita katikati ya kasha, maana kila kidole kinachoteleza juu ya shingo kitasikika spikani kama hatua za mtu darini.

Ukishapata mahali, kibandike kwa kudumu. Gundi ya mbao au supa gluu, utando mwembamba, hukauka ngumu na kuleta sauti wazi yenye ncha. Gundi ya mche hubaki na ulaini kidogo na kuzimua ncha hiyo. Kisahani kikae bapa. Kama ubao una mgongo, kama kibuyu cha zeze, usikilazimishe kujipinda, kauri itapasuka. Chukua vumbi la mbao, lichanganye na gundi ya mirija miwili, tandika kitanda bapa kwenye mgongo huo, acha kikauke, kisha bandika kisahani juu ya kitanda.

Sasa mgongoni mwa kisahani. Nakupa njia tatu, kutoka nyepesi hadi nzito.

Njia ya kwanza ni kilima cha gundi ya mche. Mwaga gundi juu ya kisahani kilichohamiwa mpaka kifunikwe chote kwa unene wa milimita 3 hadi 4, na gundi ishuke kidogo hadi kwenye ubao pande zote. Uzito wa gundi hukifanya kisahani kiwe mvivu kuitikia masafa yake ya kulia. Inafaa kwa gitaa la nailoni, ambalo halina ukali mwingi tangu mwanzo.

Njia ya pili ni kandambili. Kata duara la soli lenye unene wa milimita 5 na kipenyo sawa na cha kisahani, libandike juu yake, kisha juu ya soli bandika kipande cha ubao mwembamba chenye ukubwa uleule. Soli ina vitundu vingi vya hewa na hunyonya mtetemo, na ubao wa juu huipa soli kitu cha kusukumana nacho. Kwa gitaa la nyuzi za chuma kwenye kasha la mbao, hii ndiyo njia ninayoianzia siku zote.

Njia ya tatu ni kukizika kisahani. Chukua vibao viwili vidogo vya milimita 3, chonga kwenye kimoja shimo la kulala kisahani, kilaze humo shaba ikitazama upande utakaoshikana na gitaa, kifunike kwa kibao cha pili chenye kipande cha ngozi au tyubu ndani yake, ubane kwa gundi mpaka pakauke. Kisha bandika furushi zima kwenye gitaa. Sauti hushuka, ukali huondoka, na vishindo vya kiganja hupungua sana. Furushi kama hili unaweza pia kulibandua na kulihamishia kwenye chombo kingine.

Acha nikuonyeshe kwa karibu. Nilikuwa na gitaa la nyuzi nne lililotengenezwa kwa kasha la mbao, nyuzi za waya. Jaribio la ukucha lilitoa "chak" iliyokaa hewani karibu nusu sekunde. Nikaweka soli ya kandambili peke yake, "chak" ikafupika, lakini ncha yake ilibaki. Nikaongeza kibao juu ya soli na kukibana kwa kibanio cha nguo huku gundi ikikauka. Nilipogonga tena, nikasikia "tok". Uzi mwembamba, ambao awali ulimfanya mke wangu afunge mlango, sasa ulikuwa na mwanzo na mwisho kama noti yoyote. Sikugusa kitufe hata kimoja cha amplifaya.

Usizidishe. Ukirundika mpira juu ya ngozi juu ya sponji, na chini ya kisahani pia ukaweka mpira, utapata sauti ya mtu anayezungumza ndani ya gunia. Ongeza tabaka moja, rudia jaribio la ukucha, sikiliza nyimbo mbili, ndipo uamue la pili. Simama mapema. Treble kidogo iliyobaki utaipunguza kwenye amplifaya, lakini ile uliyoizika kwenye mpira hairudi.

Malizia na vitu vinavyosahaulika. Bana waya ndani ya kasha kwa tepu kila baada ya sentimita 5 ili usigonge ubao. Weka pete ya tyubu kati ya tundu la jeki na kasha, ili mtikisiko wa waya wa nje usiingie. Kaza kila skrubu na kila kigingi. Kitu kilicholegea kwenye gitaa, kisahani kitakitangaza.

BESI INAPOPOTEA: KOSA LA TUNDU

Sasa turudi kwenye uzi mnene uliosikika mwembamba. Kisahani hutenda kama kapasita ndogo. Kikichomekwa kwenye tundu lenye ukinzani mdogo, besi humwagika kabla haijafika kwenye amplifaya. Hesabu yake ni rahisi, na kwa kisahani cha nF 20 inatoka hivi:

Tundu la kΩ 10, la aina inayopatikana kwenye mikisa na vifaa vingi vya redio, huanza kumeza kila kitu kilicho chini ya Hz 800.
Tundu la kΩ 47 humeza chini ya Hz 170.
Tundu la kΩ 100 humeza chini ya Hz 80.
Tundu la MΩ 1, ambalo ndilo la kawaida kwenye amplifaya ya gitaa, humeza chini ya Hz 8, ambako hakuna muziki.

Uzi mnene wa gitaa la kawaida hulia kwenye Hz 82. Kwa hiyo ukichomeka kwenye redio yenye kΩ 10, besi yako yote imekwenda na kilichobaki ni ncha. Hapo mtu husema gitaa ni kali, akaanza kubandika mpira. Mpira hauwezi kurudisha besi iliyomwagika.

Tiba ya kwanza haina gharama: chomeka kwenye tundu la gitaa. Tiba ya pili ni kuunganisha visahani viwili sambamba, shaba kwa shaba na kauri kwa kauri. Kapasita inakuwa nF 40, na mpaka wa besi unashuka kwa nusu. Kwenye kΩ 47, Hz 170 inakuwa Hz 85. Unapata pia sauti ya sehemu mbili za ubao. Usigeuze nyaya za kimoja, maana vitapingana na sauti itakonda.

Tiba ya tatu ni saketi ndogo inayokaa ndani ya kasha kwa betri ya volti 9. Chukua transista ya JFET kama 2N5457 au 2N3819. Kisahani kiingie kwenye mguu wa geti, na kutoka geti hadi ethi weka rezista ya MΩ 3.3. Mguu wa dreni uende kwenye chanya ya betri. Mguu wa sosi uende ethi kupitia kΩ 4.7, na sauti itoke hapo sosi kupitia kapasita ya µF 1 hadi kwenye jeki. Mpangilio wa miguu hutofautiana kati ya transista na transista, kwa hiyo usome kwanza. Saketi hii haikuzi sauti, lakini inakiruhusu kisahani kuongea na tundu lolote bila kupoteza tumbo.

Kuna jambo lingine linalowapotosha wengi waliozoea pikapu za sumaku. Wanafunga kapasita sambamba na piezo wakitarajia ipunguze treble. Haipunguzi. Kisahani chenyewe ni kapasita, kwa hiyo kapasita ya pili inagawana nacho sauti yote kwa usawa, chini na juu, na gitaa linapungua nguvu tu. Ukitaka kichujio cha treble, weka rezista ya kΩ 47 mfululizo kwenye waya wa sauti, kisha kutoka mwisho wake wa upande wa jeki weka kapasita ya nF 1 hadi ethi. Hapo treble huanza kushuka karibu na Hz 3,400. Inafanya kazi vizuri kwa amplifaya ya MΩ 1. Iweke baada ya kutuliza, iwe chumvi ya mwisho.

UKIKWAMA

Gitaa likiwa bubu kabisa baada ya kuhamiwa, foili imegusa kauri. Mvumo ukibaki ingawa foili imefungwa vizuri, kagua waya kati ya kisahani na jeki, kwa kawaida kuna sentimita kadhaa zisizo na wavu. Mvumo ukiondoka unapochomoa chaja ya simu iliyo jirani, gitaa halina kosa, iweke chaja mbali. Sauti ikikatika unapotikisa gitaa, risasi ya kulehemu haikushika. Ikianza kulia yenyewe kwa mluzi sauti inapopandishwa, kasha linarudishiwa sauti na spika. Geuka, usimame nyuma ya spika, na ubandike kipande cha soli katikati ya ubao wa nyuma ndani ya kasha.

Ukimaliza yote, subiri usiku mtaa ukishatulia. Chomeka, pandisha sauti kuliko utakavyoitumia jukwaani, kaa mita mbili kutoka kwenye spika na usiguse kitu. Kisha gonga kasha kwa ukucha mara moja, kama ulivyofanya siku ya kwanza. Ukisikia kimya, halafu mbao yako, kwa sauti ileile uliyoizoea barazani, funga kifuniko kwa skrubu. Gitaa limekwisha.